Bomba la plastiki nalo lina kiungulia: Ijue dawa iliyowekwa ndani yake

Goba ni mahali pa ujenzi. Kuanzia Kinzudi hadi Matosa, kuanzia Kulangwa hadi Tegeta A, hukosi kuona msingi unachimbwa, ukuta unapandishwa au paa linaezekwa. Na karibu kila nyumba mpya, kabla mwenyewe hajahamia, utaona mtaro mwembamba umechimbwa kuizunguka. Ndani yake yamelazwa mabomba ya plastiki: moja linatoka kwenye mita ya DAWASA, jingine linatoka kisimani, jingine linapanda hadi kwenye simtanki lililokaa juu ya mnara wa zege.

Mwenye nyumba anapokwenda duka la vifaa vya ujenzi huuliza maswali mawili: bomba hili bei gani, na litadumu miaka mingapi? Swali la tatu, ambalo ndilo la afya, halisikiki mara nyingi: limewekewa nini ili lidumu?

Swali hilo lina uzito kwa sababu plastiki haidumu yenyewe. Hudumishwa na dawa zinazochanganywa nayo kiwandani, na kazi kubwa ya baadhi ya dawa hizo ni kupoza tindikali. Nyingi kati ya hizo hazina madhara ya kumtia mtu hofu. Moja, risasi, ni sumu, na waathirika wake wakubwa ni watoto.

Tindikali inatoka wapi?

Pengine umewahi kumwona fundi bomba akipasha moto mdomo wa bomba la PVC ili autanue na kuingiza bomba jingine. Plastiki inalainika, inaanza kuwa ya kahawia, na moshi wake unachoma pua na kutoa machozi. Kinachochoma pale ni tindikali ya haidrokloriki, ileile ambayo tumbo la binadamu hutengeneza ili kusaga chakula, na ambayo ikipanda kifuani tunasema tumepata kiungulia.

Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini. Plastiki hiyo ikipata joto la kupita nyuzi 100 hivi, klorini huanza kuchomoka, hushikana na haidrojeni na kuwa tindikali. Kiwandani, ili unga wa PVC uyeyuke na kutoka ukiwa bomba, hupashwa hadi kukaribia nyuzi 200. Bila msaada wowote ungeungua ukiwa ndani ya mashine.

Ubaya wa tindikali hii ni kwamba inajizalisha. Ile iliyotangulia kutoka huchochea nyingine itoke, na hiyo nayo huchochea nyingine, mpaka bomba linakuwa la njano, kisha la kahawia, kisha jeusi na la kuvunjika kama kigae. Ndiyo maana kiwanda hulazimika kuweka ndani ya plastiki kitu kitakachoidaka tindikali mara tu inapotoka na kuigeuza chumvi isiyodhuru bomba. Katika makala haya tutakiita kizuia tindikali.

Plastiki nyingine, kama zile za ndoo, mabeseni, simtanki na mabomba ya HDPE na PPR, hazina klorini katika umbile lake. Hata hivyo, kemikali zinazotumika kuzitengeneza huacha mabaki kidogo ya klorini, nayo yanaweza kutoa tindikali ya kula mashine za kiwandani na kuharibu rangi ya plastiki. Kwa hiyo nazo huwekewa kizuia tindikali, ila kwa kiasi kidogo sana.

Dawa ambazo tayari unazijua

Ukisikia neno kemikali usikimbie. Baadhi ya vizuia tindikali vimo nyumbani kwako kwa sura nyingine.

Cha kwanza ni kalsiamu stearati, ambayo ni aina ya sabuni iliyotengenezwa kwa kalsiamu na mafuta. Anayefua kwa maji magumu ya kisima anaifahamu bila kujua jina lake. Unasugua sabuni, povu halitoki, na badala yake unabaki utando mweupe unaoganda pembeni mwa beseni. Sehemu kubwa ya utando huo ni sabuni ya kalsiamu. Viwanda vya plastiki huitumia ikiwa unga, na viwanda vya chakula nao huitumia kwa kiasi kidogo ili unga usishikane mabonge.

Cha pili kinaitwa haidrotalsaiti, mchanganyiko wa magnesi na alumini. Nchini Japani, miaka ya 1960, ilianza kutengenezwa kwa wingi kiwandani, na matumizi yake ya mwanzo yalikuwa dawa ya kiungulia. Baadaye wenye viwanda wakaona kwamba kinachopoza tindikali tumboni kinaweza kuipoza pia ndani ya plastiki. Ni ndugu wa karibu wa vidonge vyeupe vya magnesi ambavyo watu hutafuna wakishakula maharage au pilau na kifua kikaanza kuwaka.

Cha tatu ni oksidi ya zinki, unga mweupe uleule ulio ndani ya krimu nyingi za kupaka watoto waliochubuka kwa sababu ya nepi.

Kwa mabomba ya PVC, mchanganyiko wa kalsiamu na zinki unatosha kufanya kazi. Viwanda vingine, hasa Marekani, vimetumia kwa miaka mingi dawa zenye bati. Bomba zuri la maji linaweza kutengenezwa bila risasi hata chembe.

Dawa yenye sumu

Kwa miongo mingi, hata hivyo, dawa iliyopendwa zaidi katika nchi nyingi ilikuwa risasi. Wenye viwanda walikuwa na sababu zao. Risasi ilikuwa rahisi kwa bei, iliidaka tindikali vizuri, na chumvi iliyobaki haikunyonya maji wala kupitisha umeme kirahisi. Kwa sababu hiyo iliwekwa kwenye mabomba, fremu za madirisha ya plastiki na kwenye ganda la nyaya za umeme.

Ili risasi ifanye kazi hiyo ndani ya PVC, huhitajika walau nusu asilimia ya uzito. Tupige hesabu. Kilo 10 za mabomba ya aina hiyo zitakuwa na gramu 50 za risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za risasi katika lita moja ya maji ya kunywa, na mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kwa kipimo hicho, gramu 50 zinatosha kufikisha kwenye kikomo maji ya simtanki 1,000, kila moja la lita 5,000.

Tuseme haki: risasi hiyo haitoki yote. Sehemu kubwa hubaki imefungwa ndani ya plastiki kwa maisha yote ya bomba. Inayotoka ni ile iliyo karibu na uso wa ndani, na hutoka zaidi bomba likiwa jipya. Lakini WHO, katika mwongozo wake wa ubora wa maji ya kunywa, inataja waziwazi kwamba misombo ya risasi iliyomo kwenye mabomba ya PVC inaweza kuingia majini na kuyafikisha kwenye viwango vya juu.

Hutoka zaidi katika hali tatu. Ya kwanza ni maji kulala ndani ya bomba kwa saa nyingi bila kutembea. Ya pili ni maji kuwa laini na yenye tindikali kidogo, kama ya mvua ambayo wengi hukinga kutoka kwenye paa. Ya tatu ni joto, likiwemo la bomba lililoachwa juu ya ardhi likipigwa jua mchana kutwa.

Bomba pia siyo mtuhumiwa pekee. Koki nzito za rangi ya dhahabu na viungio vya aina hiyo hutengenezwa kwa shaba na zinki, na mara nyingi huongezwa risasi ili chuma kikatike vizuri kwenye mashine. Watafiti waliopima mifumo ya maji Ghana, Mali na Niger walikuta kwamba vifaa vya namna hiyo vilikuwa chanzo kikubwa cha risasi katika maji.

Risasi inafanya nini mwilini?

Mwili hauna kazi yoyote na risasi. Tatizo ni kwamba unaidhania kuwa kalsiamu. Huipokea tumboni, huisafirisha kwenye damu, huipeleka hadi kwenye ubongo na kuihifadhi kwenye mifupa, ambako inaweza kukaa miaka mingi.

WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa. Madhara yake hayaji kwa kishindo. Mtoto anaonekana mzima, ila anakuwa mzito wa kuelewa darasani, hatulii, anakasirika upesi, anakosa hamu ya kula au anapungukiwa damu. Mzazi anaweza kusema ni utundu, na mwalimu akasema ni uvivu. Uwezo wa akili uliopotea kwa njia hii haurudishwi na dawa.

Kwa mjamzito, risasi iliyohifadhiwa kwenye mifupa tangu utotoni inaweza kurudi kwenye damu na kupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Kwa watu wazima, risasi hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo.

Mwaka 2020, UNICEF pamoja na shirika la Pure Earth walitoa ripoti iliyokadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani hadi watoto milioni 800, ana mikrogramu 5 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu. Vyanzo vikubwa vilivyotajwa ni pamoja na uyeyushaji holela wa betri za magari, rangi na vyombo vya kupikia. Mabomba ni chanzo kimoja tu, lakini tofauti yake ni kwamba kinaingia kila nyumba na hutumika kila siku.

Pwani yetu ina somo lake. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi katikati ya makazi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliongoza mapambano ya wakazi baada ya mwanawe mchanga kukutwa na risasi kwenye damu. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikauthibitisha uamuzi huo. Chanzo kilikuwa tofauti, lakini sumu ni ileile. Fidia ilikuja, afya iliyoharibika haikurudi.

Kuchemsha maji hakuondoi risasi

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa nia njema. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na usiache kufanya hivyo. Risasi ni madini, haifi kwa moto. Maji yakichemka na mvuke ukaondoka, risasi hubaki sufuriani, tena ikiwa kwenye maji machache kuliko mwanzo. Vidonge vya kutibu maji haviiondoi, na kitambaa cha kuchujia nacho hakiizuii ikiwa imeyeyuka. Pia haina rangi, harufu wala ladha. Kinga yake iko kwenye ununuzi na kwenye matumizi.

Wenzetu wamefanya nini?

Watengenezaji wa PVC katika Umoja wa Ulaya waliacha kwa hiari kutumia dawa zenye risasi kufikia mwisho wa 2015. Sheria ikafuata mwaka 2023, na tangu 29 Novemba 2024 bidhaa za PVC zenye risasi ya asilimia 0.1 au zaidi haziruhusiwi sokoni huko, isipokuwa chache zilizotajwa. India ilitunga kanuni zake mwaka 2021, mahususi kwa mabomba ya PVC.

Sisi wenyewe tunajua kwamba jambo hili linawezekana. Petroli yenye risasi ilikuwa ya kawaida katika barabara zetu, na kufikia Januari 2006 nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo. Magari hayakusimama. Vivyo hivyo, mabomba hayatakosekana risasi ikiondolewa.

Mambo ya kufanya nyumbani

Uliza kabla ya kununua. Mwambie muuzaji unataka bomba la maji ya kunywa lisilo na risasi, na utazame maandishi yaliyochapwa kwenye bomba: jina la mtengenezaji, kiwango na alama ya TBS. Bomba lisilo na maandishi yoyote liache hata kama bei yake inavutia. Mabomba ya kupitishia maji machafu na ya kupitishia nyaya hayakutengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, usiyaunganishe huko ili kuokoa fedha.

Chagua aina kulingana na kazi. Kwa bomba linaloingia jikoni, PPR na HDPE hazihitaji risasi ili zidumu. Kwa maji ya moto, usitumie PVC ya kawaida.

Safisha mfumo mpya. Bomba likishafungwa, jaza maji, yaache, kisha yamwage. Rudia mara kadhaa kabla familia haijaanza kunywa.

Usinywe maji yaliyolala. Asubuhi, au mkirudi safarini, acha bomba litiririke kidogo kabla ya kukinga maji ya kunywa, ya kupikia au ya kukorogea uji wa mtoto. Najua maji Goba ni fedha, kwa hiyo usiyamwage: yakinge kwenye ndoo, yatumie chooni au kudekia.

Funika mabomba. Yafukie ardhini au uyakinge na jua. Bomba la PVC lililochakaa kwa jua hupauka na kutoa unga mweupe, mtoto asilichezee.

Mpira wa bustani si wa kunywea. Mipira laini ya kumwagilia maua mingi ni PVC, na inaweza kuwa imetengenezwa kwa plastiki iliyorejelewa, yakiwemo maganda ya nyaya za zamani. Maji ya boza yanaposhushwa kwenye tangi lako, uliza kama mpira unaotumika ni wa maji ya kunywa.

Usichome PVC. Vipande vilivyobaki baada ya ujenzi visitumike kuwashia jiko la mkaa, wala nyaya zisichomwe ili kupata shaba. Moshi wake una tindikali inayochoma mapafu na sumu ziitwazo daioksini, na kama kulikuwa na risasi, itabaki kwenye majivu ambayo kuku watachakura na watoto watachezea.

Fundi, jilinde. Badala ya kutanua bomba kwa moto, tumia kiungio na gundi yake. Bomba lililobabuliwa limeshatumia sehemu ya dawa yake, na ule moshi wote unaingia kifuani mwako kila siku ya kazi. Ukikata bomba kwa msumeno, usilipulize vumbi. Nawa mikono kabla ya kula, na badilisha nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Lisha vizuri. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, maharage na mboga za majani kama mchicha na matembele ni sehemu ya kinga.

Pima ukiwa na shaka. Sampuli ya maji inaweza kupimwa madini katika Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Majirani wanaochota kisima kimoja wanaweza kuchangia gharama. Omba pia maelekezo ya namna ya kukinga sampuli ya maji yaliyolala usiku kucha, maana hayo ndiyo yatakayoonyesha kama mabomba yana tatizo.

Mweleze daktari. Mtoto mwenye upungufu wa damu usiopona, maumivu ya tumbo yanayojirudia, au anayerudi nyuma katika kuongea na kujifunza, apelekwe hospitali. Mweleze daktari kama nyumbani au jirani kuna kazi ya betri, uchomaji wa nyaya au ukwanguaji wa rangi za zamani, ili aamue kama apimwe risasi kwenye damu. Dawa ya kuondoa risasi mwilini hutolewa kwa walio na viwango vikubwa tu. Kwa wengine wote, tiba ya kwanza ni kukitafuta chanzo na kukiondoa.

Bomba likishafukiwa chini ya sakafu na vigae kupangwa juu yake, hakuna atakayelifukua kwa miaka 20 au 30, na mtoto atakayezaliwa katika nyumba hiyo atakunywa maji yake mpaka amalize shule. Kwa hiyo siku ya kununua, ukishauliza bei na ukishauliza litadumu muda gani, usiondoke dukani kabla hujauliza lile swali la tatu. Muuzaji asipokuwa na jibu, nenda duka la pili.